Uzi: Elektroni za Inga hazijawahi kufika Lubumbashi

FundiWaKatuba:

Ba ndugu, salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka ausome kidogo kidogo. Inga ya kwenye kichwa ni lile bwawa la umeme la Mto Kongo, mbali na sisi; tutalifikia mbele.

Nilikuwa Ruashi nafunga sola kwa mama mmoja anayeuza vinywaji barazani kwake. Mtoto wa dada yangu, yuko sekondari, ndiye alikuwa ananisaidia. Betri iko chumba cha nyuma, taa iko barazani, na kati yao kuna waya wa mita 10, shaba ya milimita mraba 1.5. Nikamwambia abonyeze swichi. Taa ikawaka palepale. Kijana akabaki ameshika ukuta, akaniuliza: "Mujomba, umeme umekuja kwa mwendo gani kutoka kule nyuma?"

Nikamjibu nilivyofundishwa: mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Akasema hapana, mwalimu wao amewaambia elektroni ndani ya waya zinakwenda polepole kuliko konokono.

Nina miaka 19 katika kazi hii, na siku ile sikuwa na jibu. Nimekaa na karatasi usiku kadhaa. Nilichokipata kimebadilisha jinsi ninavyoutazama kila waya ninaoushika, ndiyo maana ninakileta hapa.

Tulikuwa wakweli wote wawili, ila kila mmoja alikuwa anazungumzia kitu chake. Neno "umeme" tumelitwika mizigo miwili. Kuna elektroni zenyewe, chembe ndogo zilizomo ndani ya shaba. Na kuna msukumo unaoziamuru zisogee. Msukumo unakimbia karibu sawa na mwanga. Elektroni zinajikokota.

Zinajikokota kiasi gani? Tuhesabu pamoja, haitaki zaidi ya kugawanya. Kila atomu ya shaba hutoa elektroni moja iliyo huru kutembea. Milimita moja ya ujazo ya shaba ina elektroni huru bilioni bilioni 85. Waya wetu ni wa milimita mraba 1.5, kwa hiyo kila kipande chake chenye urefu wa milimita moja kina elektroni bilioni bilioni 127 hivi. Taa yetu ni ya wati 12 kwa volti 12, maana yake inavuta ampea 1. Na ampea 1 ni elektroni bilioni bilioni 6.24 kupita kila sekunde. Gawanya 6.24 kwa 127. Unapata milimita 0.049.

Hiyo ndiyo safari ya sekunde nzima. Hata sehemu ya kumi ya milimita haifiki. Kwa saa moja ni sentimita 17 na nusu, kama urefu wa kalamu mpya ya risasi. Kumaliza mita 10 kutoka betri hadi taa, saa 57. Ukiwasha Jumatatu saa kumi na mbili jioni na usizime kabisa, elektroni zilizotoka kwenye betri zitaingia kwenye taa Alhamisi saa tisa usiku.

Lakini taa iliwaka Jumatatu jioni. Iliwashwa na nani basi?

Na elektroni zilizokuwa zimekaa mlangoni kwake tayari. Hapa ndipo nilipoweka kalamu chini. Waya hauji mtupu kutoka dukani ukangoja kujazwa. Elektroni zake ni zake. Zilikuwemo waya ukiwa bado kwenye roli, zilikuwemo shaba ilipotoka kwenye tanuru. Sisi wa Katanga tumezaliwa juu ya mukuba, yaani shaba, kila siku tunaliona bomba refu la moshi na ule mlima mweusi wa masalio ya kuyeyusha. Jiwe la malakiti, lile la kijani, halipitishi umeme, kwa sababu elektroni za shaba yake zimefungwa pamoja na oksijeni na kaboni. Likiyeyushwa likawa chuma chekundu, elektroni moja ya kila atomu inaachiwa, inakuwa mali ya kipande kizima. Wazee wetu walipomimina misalaba ya shaba ya kufanyia biashara, tayari walikuwa wameshika mkononi kitu kilichojaa elektroni huru, karne nyingi kabla ya balbu.

Swali liko wazi. Anayejua zaidi yangu anirekebishe.

—

MamaWaSokoKenya:

Fundi jambo. Miye niko nauza samaki ya frigo ku Kenya, ile soko ya hapa Lubumbashi. Nimesoma yote mpaka mwisho. Kama elektroni ziko za mukuba yangu mwenyewe, zilikuwa mu waya toka zamani, basi kila mwezi niko nalipa nini? Unifasirie muzuri, juu miye njo nalipa.

—

FundiWaKatuba:

Mama, unalipa kazi. Elektroni hazijauzwa hata moja.

Watazame vijana wanaoingiza makaa mjini kwa baiskeli. Mguu uko kwenye pedali, gurudumu linalosukuma mzigo liko nyuma, kati yao kuna mnyororo. Kijana akikanyaga, gurudumu la nyuma linageuka muda uleule. Haingoji pingili ya mbele ifike nyuma. Pingili zinazunguka, zinarudi, ni zilezile toka asubuhi hadi jioni, hakuna inayobaki kwenye gurudumu. Kilichokwenda nyuma ni nguvu ya mguu. Kilowati-saa ulizolipia ni hiyo nguvu ya mguu, na mguu wenyewe ni maji yanayoanguka kwenye turbini.

Sasa frigo yako ni jambo la ajabu zaidi. Mimi nilihesabu taa ya sola kwa sababu betri husukuma upande mmoja tu. Umeme wa nguzo unasukuma na kuvuta, mara 50 kwa sekunde huku na mara 50 kule. Tuseme frigo inavuta ampea 1 kwenye waya uleule wa 1.5. Elektroni inasogea, na kabla haijafika popote inarudishwa. Nimepiga hesabu: inatoka mahali pake kiasi cha sehemu mbili za milimita iliyogawanywa mara elfu kumi. Unywele wa kichwani una sehemu kama 700 za aina hiyo. Samaki wako wanaganda kwa sababu ya mtikisiko huo, na umati wa elektroni ndani ya waya wa frigo hausafiri kwenda popote, unatikisika palepale.

—

MwalimuKampemba:

Fundi, nakushukuru kwa uzi huu. Nafundisha fizikia na nina mambo mawili ya kurekebisha, kwa heshima.

La kwanza ni mnyororo. Unasaidia kuanza, lakini unamfanya msomaji afikiri elektroni inaigonga jirani yake, na huyo anamgonga wa tatu, mpaka kwenye taa. Haiko hivyo. Msukumo unakwenda kwa uga, yaani ile hali ya umeme na sumaku inayoizunguka waya. Unapobonyeza swichi, uga mpya unaondoka pale kama wimbi, unakimbia kandokando ya waya, na kila mahali unapopita elektroni zilizoko zinaanza kusogea. Mwingereza John Henry Poynting alionyesha mwaka 1884 kwamba nishati yenyewe inapita katika nafasi iliyo nje ya shaba. Waya unaionyesha njia. Nishati inayoingia ndani ya shaba ni ile inayopotea kwa kuipasha waya joto.

Wanafunzi wangu hawaniamini nikisema hivyo, basi nawapa ushahidi huu. Chukua waya mtupu wa juu ya nguzo, uliozungukwa na hewa: msukumo unakwenda karibu kabisa na mwendo wa mwanga. Chukua kebo yenye nyaya zilizovikwa plastiki: mwendo unashuka mpaka kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Shaba ni ileile. Umebadilisha kilicho nje ya shaba tu, na mwendo umebadilika. Kama msukumo ungekuwa unapita ndani kwa kugongana, plastiki ingeuzuiaje?

La pili. Ulisema elektroni zinajikokota. Umati wake unajikokota. Elektroni moja moja ndani ya shaba haitulii hata kidogo, iwe kuna umeme au hakuna. Hata kwenye msumari wa shaba uliolala mezani, zilizo huru na zenye nguvu zinakimbia kilomita 1,570 hivi kwa sekunde, zikibadili njia kila baada ya muda mfupi usioweza kufikirika, huku na huko, kila upande. Kwa sababu ni kila upande, jumla ni sufuri. Betri inaongeza mwelekeo mdogo mno juu ya vurugu hiyo. Simama juu ya ngazi soko la Kenya saa nne asubuhi: kila mtu anakwenda kwake kwa haraka, lakini ukitazama kwa muda unaona umati wote unasogea polepole kuelekea upande wa mabasi. Ile milimita 0.049 ni mwendo wa kuelekea mabasi.

—

FundiWaKatuba:

Mwalimu, nimepokea yote mawili. Hilo la plastiki nimelisoma mara tatu. Miaka yote nimekuwa nikichagua plastiki ya waya kwa ajili ya usalama tu, sikujua kwamba inagusa mwendo.

—

KijanaUnilu:

Ba yaya, nani alipima kwanza? Na alipimaje kitu chenye mwendo kama huo bila mashine za leo?

—

MwalimuKampemba:

Walianza kwa miili ya watu. Mwaka 1746, Ufaransa, mwanasayansi Jean-Antoine Nollet aliwapanga watawa kama 200 kwenye mstari mrefu, wameunganishwa kwa nyaya za chuma, kisha akapitisha shoti ya chupa ya Leyden, chombo cha zamani cha kuhifadhi chaji ya umeme. Wote waliruka pamoja. Alichoweza kusema ni kwamba hakuna muda wowote ambao jicho linaweza kuuona.

Mwaka 1834 Charles Wheatstone, London, alipata njia ya busara kweli. Alitandika waya mrefu wa karibu nusu maili, akauacha na nafasi tatu ndogo za kurusha cheche: mwanzoni, katikati na mwishoni. Cheche zote alizisogeza mahali pamoja, akazitazama kwenye kioo kinachozunguka kwa kasi sana. Kama cheche ya katikati inachelewa, kwenye kioo inaonekana imesogea pembeni. Ilisogea! Ndiyo mara ya kwanza binadamu kuuona umeme ukichelewa. Jibu lake lilikuwa maili 288,000 kwa sekunde, zaidi ya mwendo wa mwanga, na leo tunajua alikosea. Ila njia yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba kioo kinachozunguka kilitumika baadaye kupima mwanga wenyewe.

Mwaka 1857 Gustav Kirchhoff, Mjerumani, alipiga hesabu akaona kwamba kwenye waya usio na ukinzani, yaani usiozuia mkondo, msukumo unapaswa kwenda kwa mwendo wa mwanga. Angalieni tarehe. Elektroni iligunduliwa na J. J. Thomson mwaka 1897. Miaka 40 kabla ya kuijua chembe, tayari walikuwa na mwendo wa msukumo mkononi. Kwa hiyo msukumo na chembe ni vitu viwili hata katika historia, na ninasikitika kwamba darasani bado tunavifundisha kama kimoja.

Halafu usidhani msukumo unafika safi kila wakati. Mwaka 1858 walilaza kebo ya kwanza chini ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria kwa rais wa Marekani zilikuwa na maneno 98. Zilichukua saa 16 kupita. Kebo ndefu ndani ya maji ya chumvi inafanya kama chombo kinachotaka kujazwa kwanza: alama uliyoituma ikiwa kali mwanzoni inafika imetanuka, imelegea, imeingiliana na inayofuata, na opereta analazimika kungoja kabla ya kutuma nyingine. Baada ya majuma machache kebo ile ilikufa.

—

FundiWaKatuba:

Niongeze mmoja ninayempenda. Grace Hopper, mwanamke wa jeshi la majini la Marekani, mmoja wa waanzilishi wa programu za kompyuta, alikuwa anawagawia watu vipande vya waya vya sentimita 30 hivi. Anakwambia: huo ndio umbali mrefu kabisa ambao umeme unaweza kwenda katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Nimekata kipande kama hicho, kiko kwenye boksi langu la vifaa. Ukikishika ndipo unaelewa kwa nini vitu ndani ya simu vimebanana vile: simu inafanya hatua zaidi ya bilioni kwa sekunde, na kila sentimita ni kuchelewa.

—

MtotoWaKolwezi:

Niko Kolwezi. Huku tunakaa karibu na mwisho wa ule mstari mkubwa wa Inga. Fundi, nipigie hesabu yake. Msukumo unachukua muda gani, na elektroni je?

—

FundiWaKatuba:

Nilikuwa nangoja mtu aulize.

Mstari ule ni wa kilomita 1,700 hivi, ulikamilika mwaka 1982, na kwa miaka mingi ulikuwa mrefu kuliko yote duniani ya aina yake. Unabeba umeme usiogeuka, yaani unaosukuma upande mmoja tu kama wa betri: ukilinganisha na ardhi, volti 500,000 chanya kwenye waya mmoja na 500,000 hasi kwenye wa pili. Ulijengwa kwa megawati 560. Gawanya kwa volti milioni moja kati ya nyaya mbili: ampea 560.

Msukumo kwanza. Kilomita 1,700 kwa mwendo wa mwanga ni sehemu 6 tu kati ya 1,000 za sekunde. Ukipepesa jicho mara moja, msukumo ungeweza kwenda na kurudi mara nyingi.

Kumbe hata huo muda mdogo si wa kudharau. Umeme unaogeuka mara 50 unalipa wimbi urefu wa kilomita 6,000. Kilomita 1,700 ni zaidi ya robo ya wimbi zima, maana yake upande wa Inga na upande wa Kolwezi wasingekuwa wanasukuma pamoja, na kuutuliza mstari mrefu namna hiyo ni shida kubwa. Umeme usiogeuka hauna tatizo hilo. Ni moja ya sababu za kuuchagua kwa umbali kama huu.

Sasa elektroni. Nyaya za namna hii ni za alumini yenye moyo wa chuma. Tuchukue alumini ya milimita mraba 1,000 kwa kila upande ili hesabu iwe nyepesi. Alumini inaachia elektroni tatu kwa atomu, kwa hiyo imejaa kuliko shaba. Kwa ampea 560, umati unasogea mita 1 na sentimita 67 kwa siku. Kwa siku. Kilomita 1,700 zinataka kama miaka 2,800. Umati ulioondoka Inga mwaka 1982, kama mstari haukuzimwa hata siku moja, leo ungekuwa umetembea kilomita kama 26. Haujaondoka hata jirani na mto.

Na tuseme umefika Kolwezi. Bado usingeingia Lubumbashi, na hapa ndipo penye kichwa cha uzi wangu. Pale Kolwezi umeme unafanywa kuwa ule unaogeuka, unapita kwenye transfoma, kisha unakuja kwetu kwa mstari mwingine, unakutana na transfoma nyingine, mpaka ile ya kabini, kile kibanda cha umeme cha mtaa. Ndani ya transfoma kuna mizunguko miwili ya waya isiyogusana. Imetenganishwa kwa karatasi na mafuta. Hakuna elektroni hata moja inayovuka kutoka mzunguko huu kwenda ule. Kinachovuka ni uga wa sumaku ndani ya chuma. Elektroni za mtaa wako zinaishia kabini ya mtaa wako. Za Inga ni za Inga.

—

MwalimuKampemba:

Hesabu ni sahihi. Ongeza tahadhari moja: ni hesabu ya umati, isimfuate elektroni mmoja mmoja. Kwa ule mkimbio wa kila upande niliousema, kwenye waya wako wa mita 10 elektroni moja inaweza kutangatanga mbali kuliko mita 10 zenyewe ndani ya siku mbili, mbele au nyuma. Kwa kilomita 1,700 kutangatanga hakutoshi, mwendo wa umati ndio unaoamua.

—

BukavuKadutu:

Salamu kutoka Bukavu. Huku kwetu kuanzia saa moja jioni taa zinakuwa nyekundu, frigo inanguruma bila kugandisha. Watu wanasema umeme umechoka, unafika polepole. Ni kweli elektroni zinapunguza mwendo?

—

FundiWaKatuba:

Ndugu yangu, hili ndilo ninalopigana nalo kila juma kwa wateja, niruhusu nikae nalo.

Msukumo haujachelewa. Unafika jioni kwa mwendo uleule wa asubuhi. Kilichopungua ni nguvu yake, volti. Jioni kila nyumba imewasha resho, yaani jiko la umeme, nyaya ni zilezile, na waya wowote unakula sehemu ya volti kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa. Chukua nyumba iliyovutiwa umeme mita 50 kutoka kwenye nguzo kwa waya wa 1.5. Kwenda na kurudi ni mita 100, ukinzani wake ni omu 1.15. Resho moja ya ampea 10: volti 11.5 zimebaki njiani, wati 115 zinapasha waya joto. Kama jirani naye amechukua umeme kutoka kwenye waya huohuo, na wa tatu kwa jirani, hesabu mwenyewe volti zinazomfikia wa mwisho.

Weka waya wa milimita mraba 4. Kwa resho ileile unapoteza volti 4.3 tu. Na sasa sikiliza: ndani ya waya huo mnene elektroni zinakwenda polepole zaidi, kwa sababu ziko nyingi zinazogawana kazi. Taa inawaka vizuri pale elektroni za waya zinapojikokota zaidi. Zinapolazimishwa kukimbia ndipo kuna hatari. Mahali pembamba zinakimbia, kama mto unapobanwa na mawe, na zinapokimbia zinagonga atomu na kuleta joto. Utepe wa balbu ya zamani ni mwembamba makusudi ili uchemke mpaka ung'ae. Lakini kiungo kilicholegea, nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa nailoni, zinagusana kwenye kinukta kimoja. Mkondo wote wa nyumba unapita kwenye kinukta kile. Kinafanya kazi ya utepe wa balbu ndani ya dari lako la mbao.

Nimeingia nyumba moja baada ya moto. Walikuwa wametoka salama, watoto wote, namshukuru Mungu. Chanzo kilikuwa kiungo cha namna hiyo, nilikiona kwa macho yangu, shaba imeyeyuka ikawa shanga. Tafadhali, kazeni viungo vyenu, tumieni skrubu, msikubali fundi anayesokota na kuondoka. Mimi ninayewaandikia hapa nimewahi kuvifungua viungo vya wengine mamia, na mkono wangu unajua kilicholegea kabla ya jicho.

—

MamaWaSokoKenya:

Kesho asubui naita mutu aangalie ya kwangu. Iko imesokotwa. Aksanti.

—

KijanaUnilu:

Yaya Fundi, kuna njia ya kuona huo mwendo wa polepole kwa macho? Elektroni hazionekani.

—

FundiWaKatuba:

Za shaba hazionekani, ila chembe zenye chaji ndani ya maji zinaonekana zikiwa na rangi. Mwalimu ndiye alinielekeza, nikafanya na mpwa wangu mezani.

Chukua karatasi ya kuchujia, kata kipande kirefu cha sentimita 5, kilowanishe kwa maji yenye chumvi kidogo sana, kilaze juu ya kioo. Mwisho huu bana waya wa hasi, mwisho ule waya wa chanya, betri ya volti 12. Msiguse kabisa umeme wa ukutani kwa jambo hili. Katikati weka punje moja ndogo ya pamanganeti ya potasi, ile ya famasi ya kusafishia vidonda. Zambarau yake ni chembe zenye chaji hasi, kama elektroni, kwa hiyo zinaelekea chanya.

Dakika ya kwanza kijana akasema haifanyi kazi. Dakika ya tano doa halikuwa duara tena, lilikuwa limerefuka upande mmoja kama machozi. Tulipima kwa rula baada ya dakika 10: milimita 8 hivi. Tukageuza nyaya za betri, mkia ukaanza kurudi ulikotoka. Yeye aliinama juu ya kioo mpaka pumzi yake ikawa inakilowesha, nikamwambia asogee. Sijamwona akitazama simu yake kwa muda wa namna hiyo.

Halafu akataka saa 57. Jumatatu saa kumi na mbili jioni tukafunga nyumbani kwa dada yangu waya uleule wa mita 10, taa ya wati 12, betri yenye paneli yake ya kuichaji mchana, na tukamwomba dada asiizime kwa sababu yoyote. Aliivumilia. Usiku wa pili aliifunika kwa kitambaa ili watoto walale.

Alhamisi saa tisa usiku simu yangu ikalia. Nilidhani kuna msiba. Alikuwa mpwa wangu, anaongea chini chini kwa sababu nyumba nzima imelala. "Mujomba, taa haijabadilika hata kidogo. Lakini kwa hesabu ya umati, zile za betri ndiyo zinaingia sasa hivi."

Nikamuuliza anazionaje.

"Sizioni. Nimekaa nazo tu."